Redio, Spika na Ampu Kwenye Gari la Zamani: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari Malindi

Injini ya Toyota 110 huishi miaka mingi kuliko redio yake. Gari bado linakwenda Mombasa na kurudi bila kulalamika, lakini redio imebaki kukoroma, spika ya mlango wa dereva imenyamaza, na kaseti ya mwenye gari wa kwanza huenda ingali imekwama humo ndani. Probox, Premio, Nissan B15, hata pikapu za shambani, mambo ni yayo hayo. Kuliweka sawa si kazi ya kutisha. Mwenye mita ya kupimia volti, bisibisi na subira anaweza kuifanya mwenyewe chini ya mwembe, na hata ukimpelekea fundi, ni vyema ujue anafanya nini ndani ya dashibodi yako.

Wengi huanzia nyuma. Wananunua sabufa kubwa (spika ya besi), wanaitia kwenye buti, kisha wanashangaa taa za mbele zikififia kila ngoma inapogonga huku sauti ya mwimbaji haisikiki. Kwangu mimi pesa ifuate njia hii: umeme na ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi), spika za milango ya mbele, redio, kisha ampu (kikuza sauti). Sabufa ije mwisho, kama kuna kilichobaki mfukoni. Muziki tunaousikiliza pwani, iwe taarabu, bango au kaswida, umebebwa na sauti ya mtu, ganuni, fidla na saksafoni, na vyote hivyo vinatoka kwenye spika za mbele.

Kagua kabla ya kununua chochote

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, mita ionyeshe karibu volti 12.6. Washa injini: namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, alteneta, mashine inayochaji betri, haifanyi kazi ipasavyo, na hapo hakuna redio itakayokufurahisha. Tengeneza hilo kwanza.

Tazama vichwa vya betri na waya mweusi unaokwenda kwenye bodi. Hapa kwetu upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya boneti, na gari linaloegeshwa karibu na ufuo huota ule unga mweupe au wa kijani kwenye viungo vya nyaya mapema kuliko gari la bara. Toa kichwa, kisugue kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kirudishe, kaza, kisha kipake vaselini juu. Vaselini ipakwe baada ya kukaza, si kabla, maana kazi yake ni kuzuia hewa yenye chumvi isifike pale chuma kinapogusana na chuma. Nimeona magari ambayo "redio mbovu" ilipona kwa hatua hii tu.

Sasa sikiliza. Ingia kwenye mipangilio ya redio ya zamani, usukume sauti yote upande mmoja mmoja: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Usitumie muziki, tumia mtangazaji anayesoma habari. Sauti ya mtu haidanganyi, na mkwaruzo utausikia papo hapo. Spika inayokwaruza mara nyingi huwa ukingo wake laini umeoza. Kingo za sponji hufa haraka kwenye joto na unyevu wa pwani, za raba hudumu. Hilo likumbuke dukani.

Mwisho pima. Tundu la redio kwenye dashibodi huwa la saizi mbili kuu: ndogo, milimita 180 kwa 50, inayoitwa dini moja, na kubwa, 180 kwa 100, dini mbili. Toyota nyingi zina tundu la upana wa milimita 200, kwa hiyo redio ya kawaida ya dini mbili huacha nafasi ya sentimita moja kila upande. Kuna fremu za plastiki za kuziba nafasi hiyo, agiza pamoja na redio. Kwenye mlango, toa kava upime kipenyo cha spika, nafasi kati ya tundu za skrubu, na kina. Kina ndicho kinachosahaulika: shusha kioo hadi chini kabisa, ndipo upime kutoka kwenye bati hadi kioo. Inchi 6.5 ni saizi ya kawaida kwenye milango ya mbele, lakini pima, usikisie.

Kwa nini redio ya Kijapani haishiki stesheni zetu

Bendi ya FM ya Japani ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye ikapanuliwa hadi 95. Sisi tunatumia 88 hadi 108. Ndiyo maana gari likishuka bandarini redio hushika vistesheni viwili vitatu vya chini, basi.

Dawa ya bei rahisi ni ekspanda, kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Ekspanda ya megahezi 20 hufanya stesheni ya 98 ionekane kama 78. Fanya hesabu uone kasoro yake: bendi ya zamani ya Japani ina upana wa megahezi 14, yetu ina 20. Kwa hiyo ekspanda yoyote utakayoichagua itakunyima kipande. Ya 20 huanzia 96, na kila kilicho chini yake kimepotea, isipokuwa vistesheni vichache vinavyopenya bila kushushwa. Ya 12 hukupa 88 hadi 102 na kukukatia vya juu. Kwa mtu anayetaka habari tu, inatosha. Kama unatumia pesa kwenye spika, achana na ekspanda, weka redio ya bendi nzima.

Redio ipi

Hapa nitawaudhi wapenzi wa skrini. Redio za bei ya chini zenye skrini kubwa ya Android huvutia dukani, lakini gari lililoegeshwa juani Malindi saa nane mchana wakati wa kaskazi huwa tanuri, na vidude hivyo huanza kujizima, kuganda, au kuchukua muda mrefu kuwaka. Jua likipiga kwenye kioo hutaona ramani pia. Simu yako ina ramani bora kuliko hiyo. Redio ya kawaida ya dini moja yenye Bluetooth, USB, na angalau jozi mbili za matundu ya RCA nyuma (ya kupeleka sauti kwenye ampu) itakutumikia kwa miaka. Ile ambayo uso wake unang'oka ni nzuri zaidi: unautia mfukoni unaposhuka. Kama tundu lako ni la dini mbili, nafasi inayobaki huwekwa kisanduku cha kutilia vitu.

Kuhusu wati, muulize muuzaji redio ni ya nguvu gani na atakujibu, "Hamsini mara nne, mkuu." Namba hiyo ni ya kilele. Umeme wa gari una volti 14 hivi, na kwenye spika ya omu 4 ampu ndogo iliyo ndani ya redio haiwezi kutoa sauti safi ya zaidi ya wati 20 na ushee kwa kila spika. Namba ya kutafuta kwenye karatasi ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu. Kwenye spika vile vile: boksi limeandikwa 350, RMS 40. Arobaini ndiyo ya kweli.

Usipopata kitu mjini, watu huagiza Mombasa au Kirinyaga Road, Nairobi, na mzigo hufika kwa basi. Spika za mtumba kutoka Japani si mbaya, ila zibonyeze koni (ule uso unaotikisika) kwa vidole vya mikono miwili polepole. Ikikwaruza ndani, iache.

Vifaa

Mita ya umeme, bisibisi ya nyota, spana ya 10, kipande cha plastiki cha kubanjulia, koleo la kubania vichwa vya nyaya, mipira ya kusinyaa kwa moto, fyuzi za akiba, na soketi ya kuunganisha inayolingana na gari lako. Hiyo soketi ni senti kidogo ukilinganisha na balaa inayozuia. Bila hiyo fundi atakata plagi ya kiwandani, na plagi ikishakatwa kila redio itakayokuja baadaye ni ubahatishaji.

Tepu ya umeme iache kwa kufungia mafungu ya nyaya tu. Gundi yake huyeyuka kwa joto, tepu inafunguka, na nyaya mbili zilizosokotwa hubaki uchi nyuma ya dashibodi.

Kutoa redio ya zamani

Toa waya hasi wa betri, kisha ngoja walau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, kwa ajili ya mifuko ya hewa. Nyaya zilizovikwa kava la njano au zenye plagi za njano ni za mifuko hiyo: usizipime kwa mita, usizikate, usizivute. Jambo jingine, redio nyingi za asili za Toyota zenye skrini hujifunga betri ikitolewa, zikadai namba ya kufungulia inayotokana na ERC (kodi inayoonyeshwa kwenye skrini) au kadi ya ramani. Kama ulitaka kuiuza au kuibakiza, fikiria hilo mapema.

Kava la dashibodi hushikwa na vibanio vya plastiki na skrubu chache zilizojificha, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha majivu au chini ya vitobo vya hewa. Plastiki iliyokaa juani miaka 20 imekauka, basi vuta sawasawa pande zote, usiikwatue kwa kona moja. Ndani, Toyota nyingi hushika redio kwa bolti nne za spana ya 10, mbili kila upande. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu.

Nyaya za redio mpya

Redio mpya karibu zote hufuata rangi hizi:

- Njano: umeme wa wakati wote, unaotunza saa na stesheni
- Nyekundu: umeme unaokuja ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua ya kwanza, kabla ya kuwasha injini)
- Nyeusi: ethi
- Bluu: antena ya mota
- Bluu yenye mstari mweupe: kuwasha ampu
- Nyeupe, kijivu, kijani, zambarau: spika za mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na kila moja ina mwenzake wa mstari mweusi ambaye ni hasi

Rangi za upande wa gari ni nyingine kabisa, ndiyo maana nasisitiza soketi. Hata ukiwa nayo, thibitisha kwa mita. Rudisha betri kwa muda, ufunguo ukiwa nje: waya unaoingia kwenye njano uonyeshe volti 12, unaoingia kwenye nyekundu usionyeshe kitu. Geuza hadi ACC, sasa zote mbili zionyeshe 12. Zikibadilishana nafasi, redio itasahau stesheni kila unapozima gari. Na kuna mafundi wenye haraka wanaounganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu ili redio iwake bila ufunguo. Kataa.

Toa betri tena ndipo uunge. Unganisha soketi na waya wa redio mezani, si ndani ya gari umejikunja: bana kila kiungo, vika mpira wa kusinyaa, pasha moto. Waya mweusi usiutegemee kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Tafuta bati la bodi, kwangua rangi mahali padogo, funga kwa kichwa cha duara, kaza, paka vaselini. Ethi dhaifu ndiyo mama wa kelele nusu ya zile utakazozisikia baadaye.

Kabla ya kurudisha kava, jaribu kila kitu. FM ishike, simu iungane, kila spika ilie upande wake.

Spika na mlango wenyewe

Hapa ndipo pesa yako inapogeuka kuwa sauti. Mlango ndio sanduku la spika, na kama una matundu na bati linalotetemeka, spika ya bei ghali italia kama redio ya mkulima.

Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa. Wengi huirarua na kuitupa. Usifanye hivyo: wakati wa masika maji hushuka kupitia kwenye kioo hadi ndani ya mlango, na nailoni ndiyo inayozuia yasifike kwenye kava na kwenye zulia. Ibandue pole pole kwa kisu, uirudishe ukimaliza. Chini ya mlango kuna vitobo vya kutoa maji. Vizibue mchanga na majani, la sivyo maji yatatuama na kutu itakula mlango kabla spika haijazeeka.

Spika mpya mara nyingi haikai sawa kwenye tundu la kiwandani, inahitaji pete. Pete za MDF (ubao wa unga wa mbao) hunywa unyevu na kuvimba, hazifai huku. Plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote, pamoja na kwenye kingo, inafaa. Bora zaidi ni ubao mzito wa plastiki, ule wa kukatia nyama jikoni: haunywi maji, hukatwa kwa msumeno mdogo, na hushika skrubu vizuri. Katikati ya pete na bati weka ukanda wa sponji ili hewa isivuje. Upepo wa nyuma ya koni ukikutana na wa mbele, besi hupotea, na watu wengi hununua sabufa kutibu ugonjwa huu bila kujua.

Kwa bati linalotetemeka, bandika vipande vya butili (raba ya kunata) vyenye foili kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Huhitaji kufunika mlango wote. Gonga kwa kidole, panapolia kama debe weka kipande. Usikubali lami ya paa kwa sababu ni rahisi: jua la Januari litailainisha, itanuka na kuteleza.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Juu ya spika, ndani ya mlango, weka kofia ndogo ya plastiki ya kukinga matone.

Hakikisha chanya na hasi hazijageuka. Gusa nyaya za spika kwa betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu: chanya kwa chanya, koni isogee nje. Ikiingia ndani, umegeuza. Spika moja ikigeuzwa na mwenzake akawa sawa, besi hudhoofika na mwimbaji haonekani amesimama wapi.

Ukifika hapa, endesha gari kwa siku kadhaa. Nenda Mambrui, nenda Watamu, pita kwenye barabara ya vumbi usikilize nini kinagongana ndani ya mlango. Watu wengi wataridhika na wataishia hapa, nami sioni kosa.

Ampu, kwa wanaotaka zaidi

Ampu ya channeli nne yenye wati 50 RMS kila moja inatosha gari dogo. Jumla ni wati 200. Ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, itavuta kama ampea 18 ikipigwa kwa nguvu zote, ya daraja AB, inayopoteza zaidi kwa joto, karibu 26. Waya wa shaba wa milimita mraba 10 na fyuzi ya ampea 40 vinatosha kutoka betri hadi nyuma. Angalia waya usiwe alumini iliyopakwa shaba: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini, na huku kwenye chumvi huliwa haraka.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Inalinda waya, si ampu. Waya ukichubuka kwenye bati na fyuzi iko nyuma kwenye buti, kuna moto na hakuna cha kuuzima. Unapopita kwenye ukuta wa injini pitia tundu lenye raba. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, nyaya za RCA upande mwingine.

Usitoboe sakafu kabla ya kulala chini ya gari ukaangalia upande wa pili: tangi la mafuta na bomba za breki zipo huko. Ampu ifungwe juu ya ubao uliopakwa rangi, mahali penye hewa, ikiinuliwa kidogo ili maji ya zulia yasiifikie.

Kuweka geini (kitufe cha kulinganisha ampu na redio): chomoa spika kwenye ampu, zima vichujio vyote, redio iwe robo tatu ya sauti bila besi wala trebo kuongezwa. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 50. Weka mita kwenye volti za AC, pima matokeo ya ampu. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: 50 mara 4 ni 200, kipeuo chake cha pili ni 14.1. Zungusha geini hadi volti 14.1 ukome. Kitufe hicho si cha kuongeza sauti, na wanaokifungua hadi mwisho ndio wanaounguza spika.

Rudisha spika, washa HPF (kichujio kinachozuia besi) kwenye hezi 80 kwa milango. Sabufa ikiwepo, LPF yake (kichujio kinachopitisha besi tu) iwe 80 hiyo hiyo. Spika ndogo ikipumzishwa besi nzito huimba vizuri ajabu.

Ikisumbua

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta ni wa alteneta. Chomoa RCA kwenye ampu: mlio ukiondoka, tatizo liko kwenye redio au njia ya nyaya, ukibaki, kagua ethi ya ampu. Redio inayozima ukipandisha sauti ni volti zinazoshuka, rudi kwenye betri na viungo vyake.

Betri ikifa gari likiegeshwa, kuna kinachokunywa umeme usiku. Hili huwauma zaidi wenye kuacha gari Mokowe na kuvuka Lamu kwa boti siku kadhaa. Zima kila kitu, funga milango, toa waya hasi, weka mita ya ampea kati ya waya na betri, ngoja dakika chache bila kuwasha kitu. Chini ya miliampea 50 ni sawa: hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Ukikuta 500, ni 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 haitamaliza siku nne. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Ikianguka kwenye fyuzi ya redio, angalia kwanza ule waya mwekundu, kisha waya wa kuwasha ampu, kama haukuungwa na wa njano.